Ukuta wa Upande wa Mashariki

Ninashona kanzu. Ni kazi ya kitambaa cheupe, na kitambaa cheupe hakifichi kitu. Kidole chenye jasho kinaonekana, tone la mafuta ya cherehani linaonekana, na hewa ya mahali unapokaa nayo inaonekana, mradi uwe na subira ya kuiacha kanzu kambani mpaka jioni. Kwa hiyo sihitaji mtu wa kuniambia hewa ya Tabora ikoje. Huwa naiona kwenye mabega ya kanzu ninapoianua.

Mama yangu yeye aliiona kwa kifua. Alipata pumu ukubwani, baada ya kumaliza kutulea, wakati ambapo mtu angetegemea apumzike. Pumzi yake ilikuwa na mlio mwembamba, na mimi niliyelala chumba cha pili niliuzoea kiasi kwamba uliponyamaza ndipo nilipoamka. Tulimhamisha kutoka mjini ili apumue. Hilo ndilo lililokuwa lengo letu, hatukuwa na lingine, na nataka lieleweke kabla sijaendelea.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa katikati ya mji, kwenye mitaa ile ambayo nyumba zimegusana mabega na kila mtu anajua jirani yake amepika nini. Babu aliijenga kama walivyojenga wenziwe: kuta nene za udongo, mlango wa mbele unatazama njia, ukumbi unapita katikati, na mlango wa uani unatazamana na ule wa mbele. Ukisimama barazani uliweza kuwaona kuku wa uani. Asubuhi mama alifungua milango yote miwili kabla hajawasha jiko. Upepo ukiingia kwa mbele ulitokea kwa nyuma na moshi wake, na kufikia saa ya chai nyumba ilikuwa haina hata harufu ya mkaa.

Njia ya mbele ilikuwa na miembe mikubwa, ya tangu enzi za misafara. Wageni hupenda kuambiwa kwamba wapagazi waliipanda. Mimi nadhani walikula maembe wakatupa kokwa, kama tunavyofanya sisi. Mama hakuijali kwa historia yake. Aliijali kwa sababu majani yake yalishika vumbi. Kiangazi kikifika mwisho miembe ile ilikuwa ya kahawia kutoka juu mpaka chini, na mvua ya kwanza ikiiosha, maji yaliyotiririka chini ya shina yalikuwa mekundu. Mama alikuwa akituita tuyaangalie. Alituambia kwamba vumbi lote lile lingekuwa ndani ya nyumba yetu.

Kisha njia ikapanuliwa. Lilikuwa jambo jema na sote tulilishangilia, maana lami ni lami. Miembe ya upande wetu ilikatwa kupisha lami hiyo. Vijana wa bodaboda wakapata kituo mbele ya baraza, wauza chipsi wakawafuata, na umeme ulipokatika kila duka lilitoa jenereta lake nje likalielekeza kwa mwenzake. Haya tungeyavumilia. Lililotumaliza ni nyuma. Jirani wa uani aliuza kiwanja chake, na aliyenunua akajenga jengo refu la maduka mpaka kwenye mpaka wenyewe. Mlango wetu wa uani ukawa unatazama ukuta, umbali wa kunyoosha mkono. Mama aliendelea kufungua milango yote miwili kila asubuhi, lakini upepo haukuwa na pa kutokea. Moshi wa mbele uliingia ukakaa, kama mgeni asiyeaga.

Mwaka ule ndipo kifua kilipoanza. Tulimpeleka hospitali kule Kitete, daktari akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo, halafu akatuambia mimi na kaka, "Bibi anahitaji hewa safi. Kama mnaweza, mtoeni kwenye moshi."

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa kutenda. Ana duka la vipuri na hana muda wa kufikiri jambo mara mbili, na kusema kweli familia yetu imeishi kwa sababu yake. Alikuwa na kiwanja Ipuli, mwisho kabisa wa makazi, alichokuwa amekiweka tu. Alituchukua kwenda kukiona mwezi wa Januari, katikati ya mvua. Majani yalikuwa yamefika magotini. Upande wa mashariki palikuwa na miti ya miyombo iliyosalia, mininga na mingineyo, na baada ya miti ardhi iliteremka taratibu hadi mbugani, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Tuliambiwa kwamba pale penye miti ni pa wazi, hapagawiwi, pamewekwa hivyo kwenye mpango wa mji ili watu wapumue.

Kaka alisimama katikati ya kiwanja, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. "Hapa hewa nzuri," akasema.

Mama naye akavuta. Ilishuka mpaka chini bila mlio. Alitabasamu akamwangalia mwanawe kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa mimi, lakini hayo ni mambo ya watoto wa kike na sitayaingilia. Ilikuwa kweli. Hewa ilikuwa nzuri.

Nyumba ilijengwa kiangazi kilichofuata, maana hakuna anayejenga kwenye mvua. Nilikwenda siku moja kuwapelekea mafundi chakula, nikaona moshi mzito unapanda kutoka mbugani na kupita juu ya msingi wetu. Kaka akaunyooshea kidole. "Yale matofali yetu yale," akaniambia. "Yanachomwa." Nikafurahi. Nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi, na kwamba nilirudi nyumbani nikamweleza mama, naye akasema alhamdulillahi. Macho yaliniwasha njia nzima nikadhani ni jua.

Tulihamia mvua za kwanza zilipoanguka. Nyumba ya zamani kaka aliigawa kuwa fremu za maduka. Ukumbi ulizibwa katikati, na milango miwili ya babu haikuonana tena. Sisi tulikuwa na vyumba vinne, sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya kioo. Mama alinenepa kidogo. Aliweka kiti chake upande wa mashariki, penye kivuli cha alasiri, akawa anasuka ukili na kusalimiana na wapitao. Dawa yake ya kuvuta ilikaa kwenye kabati. Nilishona kanzu za Idd nikazianika nje, na zilirudi ndani kama zilivyotoka.

Katika mvua zile zile miti ikaanza kupungua. Sitamtafuta mchawi. Kila aliyejenga alihitaji mirunda ya kusimamishia kenchi, kila nyumba ilihitaji kuni, na mbugani palihitajika magogo ya kuchomea matofali. Halafu zikaja alama za zege ardhini, kisha kamba, kisha watu wenye majembe. Pale pa wazi pakawa viwanja. Kimoja kikawa gereji ya malori, kingine kikawa mashine ya kukoboa mpunga unaoletwa kutoka Igunga na Nzega. Pumba zilirundikwa nje zikawa kilima. Niliona yote hayo nikiwa kwenye cherehani yangu, na yalinipita tu. Yule anayejenga leo ndiye mimi wa mwaka jana, ningemwambia nini?

Mvua zilikoma. Upepo wa kiangazi katika mji wetu unatoka mashariki, hilo analijua hata mtoto, na sisi tulilijua pia. Wazee waliojenga mjini waliweka milango yao kwa kuufuata. Lakini Januari ile, kwenye majani yale ya magotini, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mbuga iko upande gani wa nyumba. Tulikuwa tumekwenda kutafuta hewa na tuliipata, basi tukafunga mjadala.

Kanzu zilikuwa za kwanza kusema. Nilianua moja ya bwana harusi nikakuta mabega yake yamenyunyiziwa vitu vyeusi vyembamba. Nilipovipangusa vilipakaa. Masizi ya pumba ni laini na yana mafuta. Ukiyagusa umeyaingiza ndani ya uzi. Niliifua kanzu ile mara tatu. Kesho yake nikaanika ndani.

Mbugani walikuwa wameanza kuchoma. Kazi yao haina wakati mwingine: matofali mabichi hayakauki kwenye mvua, na moto wa tanuri unapenda upepo. Magogo hayakutosha tena, kwa hiyo walichanganya na pumba za mashine, na pumba haziwaki, zinafuka. Zilifuka mchana kutwa. Jioni upepo ulipotulia moshi ulilala bondeni, na alfajiri ulipoamka ulipanda taratibu na kupita pale ilipokuwa miti, gereji, mashine, hadi kwenye kiti cha mama. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza. Zilizokuwa nyuma yetu zilipata makombo.

Mlio ulirudi kwenye pumzi ya mama. Alihamisha kiti ndani. Tukafunga madirisha makubwa ya kioo.

Sasa, mama yangu alikuwa mwanamke wa mjini wa mila zake. Alhamisi jioni alifukiza ubani, kama walivyofukiza mama yake na bibi yake, chetezo kikapitishwa chumba kwa chumba. Nyumba inayonuka haikaliki na malaika, ndivyo alivyolelewa. Basi moshi wa pumba ulipoanza kuingia kupitia nyufa za milango na kukaa kwenye mapazia, mama alifanya lile analolijua. Alifukiza ubani Alhamisi. Kisha na Jumatatu. Kisha kila magharibi, madirisha yamefungwa, makaa yanawaka kwenye chetezo katikati ya chumba chake, ili kuondoa harufu ya moshi. Nami nilimsaidia kupuliza makaa. Tulikuwa tunafukuza moshi kwa moshi na wala hatukuliona hilo, kwa sababu mmoja ulinukia vizuri.

Magharibi moja aliniita kwa mkono, sauti haikutoka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kaka alikuja na gari, tukaenda Kitete, wakamwekea hewa ya mashine, na asubuhi alikuwa anakunywa uji. Muuguzi aliniuliza tunapika kwa nini, nyumba iko wapi, madirisha yanafunguliwa, nani anavuta sigara. Nilipofika kwenye ubani aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mpole. Alisema, "Dada, kifua cha mama hakitofautishi."

Mama aliacha ubani bila kubishana. Chetezo kilioshwa kikawekwa juu ya kabati. Ila aliniambia, akiwa ameniangalia kwa macho makavu, "Sasa nyumba hii imekuwa kama ya watu wengine." Kisha akasema lile aliloendelea kulisema mpaka mwisho: "Nirudisheni mjini."

Palikuwa na pa kumrudisha. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, bado anakaa mtaa wa ndani kule mjini, kwenye nyumba ambayo milango yake miwili inaonana. Chumba kilikuwepo. Nilimweleza kaka. Alinisikiliza, akakunja uso.

"Watu watasemaje?" akaniuliza. "Nimemjengea mama nyumba, halafu anakwenda kulala kwa mdogo wake?"

"Hapumui, kaka."

"Daktari alisema atoke kwenye moshi. Mjini ndiko kwenye moshi. Hapa ni suala la kuziba tu."

Nilisema tena siku nyingine, nikachoka. Kubishana na kaka ni kusukuma lori lililozimika. Na nitasema ukweli, kuna wakati ndani ya kiangazi kile nilianza kufa ganzi. Niliamka, nikasikiliza mlio, nikapika, nikashona, nikasikiliza mlio. Sikuwa na hasira wala huzuni. Nilikuwa mtu anayesubiri kitu bila kutaka kukijua.

Niliteremka mbugani mara moja tu. Nilikwenda kwa shari, kanga nimejifunga kiunoni, nikamkuta bwana wa tanuri akiwa amekaa juu ya tofali bichi anakula viazi. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Nzega. Zamani alichunga ng'ombe, ukame ukawamaliza, akaja mjini na mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya yeyote kwetu. Alinyanyuka, akanisalimu, akanikaribisha viazi. Nilipomweleza habari za mama aliacha kula.

"Sikujua kuna mgonjwa," alisema. "Lakini nikiacha, wenye oda watakwenda kwa mwingine, naye tanuri lake liko pale pale, hatua chache tu kutoka hapa. Udongo uko hapa. Maji yako hapa."

Jumapili akitoka kanisani alikuja kumwona mama, amevaa shati safi, na chupa ya maziwa mgando. Alipiga goti kidogo mlangoni. "Shikamoo, mayu," akasema, kwa lile neno lao la mama.

"Marahaba, baba. Karibu ndani, hapo nje pana moshi," mama akamjibu, na wote wawili wakacheka, mama akacheka mpaka nikamkimbilia na dawa. Baada ya hapo alikuja kila Jumapili. Mama alimpenda. Alinikataza nisiende kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. "Mwache," alisema. "Unataka alale njaa ili mimi nipumue?" Mimi nilitaka hivyo hasa, lakini ni jambo lisilosemeka mbele ya mama.

Kaka alipata wazo lake mwezi wa Agosti. Ukuta. Alitaka ukuta mrefu kuzunguka kiwanja chote, na upande wa mashariki uwe mrefu kuliko kwingine, usawa wa paa, ili moshi ugonge uishie huko. Aliuchora kwa kidole hewani, na ulionekana wa maana. Jirani mmoja naye aliusifia. Mimi nilikuwa nimekaa miaka nyuma ya jengo lile la maduka, nilikuwa nimeona kwa macho yangu ukuta unaufanyia nini upepo wa nyumba, na kaka alikuwa ameona, na mama pia. Hatukulikumbuka. Ukuta wa jirani ulikuwa uonevu. Huu ulikuwa wa kwetu, basi tuliuona ni hifadhi.

Na ukuta unahitaji matofali.

Kaka aliyaagiza pale chini. Hakukuwa na pengine pa karibu. Bwana wa tanuri alipoambiwa kazi ni ya nini, alikuja kwetu katikati ya wiki, kofia mkononi, akasimama kama mtu aliyepewa amana. "Ya mayu nitayachoma mwenyewe," alisema. "Nitayapa moto wa kutosha, yasije yakavunjika." Wala hakuwa anatania. Naye pia aliona ni msaada.

Alitimiza ahadi yake. Tanuri letu lilikuwa kubwa kuliko yote ya msimu ule, na alilipa moto wa kutosha. Asubuhi moshi ulipofika mama alikuwa ameegemea mito mitatu, maana kulala chali kulikuwa hakuwezekani tena. Aligeuza uso dirishani, nje palikuwa na weupe mtupu.

"Leo umezidi," alisema kwa vipande, neno kwa neno. "Wanachoma ya nani?"

"Ya kwetu, mama. Ya ukuta wako."

Nilidhani atacheka, alikuwa mwepesi wa kucheka mambo ya namna hiyo. Alifumba macho tu. Nikachukua kitambaa chenye maji nikampangusa usoni, kikatoka na weusi.

Ukuta ulikamilika. Ni ukuta mzuri, umenyooka, mafundi walijua kazi. Upepo wa mashariki uliugonga ukapanda juu, na nyuma yake, uani kwetu, pakawa shwari kabisa. Nguo kambani hazikucheza hata mchana. Kaka alifurahi kuona utulivu ule. Moshi nao ulipanda na upepo, ukavuka, na ulipofika upande wetu ukakuta hakuna kinachousukuma. Ukashuka. Ukakaa. Kabla ya ukuta ulikuwa ukipita na kwenda zake kwa majirani. Sasa ulikuwa na mahali pa kutua.

Mama aliomba kiti chake kiwekwe nje ya geti, barabarani, kwenye vumbi la malori. Alisema pale angalau kuna kitu kinachotembea. Alikaa hapo siku zake za mwisho, ukili mapajani bila kuusuka, mgongo akiupa ukuta. Wapitao walidhani tumemtupa nje. Kaka aliona aibu, akaja kumwambia arudi ndani, na mama akamwambia, bila ukali wowote, "Mwanangu, nirudishe mjini."

"Kesho," kaka akasema. Alisema akiwa ameinama. Nadhani siku ile alimaanisha.

Mama alifariki asubuhi, kabla ya kesho hiyo kufika saa ya kupakia vitu. Nilikuwa jikoni natia chai kwenye chupa. Sikusikia chochote, na ndivyo nilivyojua.

Sikulia. Waliokuja walilia, mama mdogo alianguka mlangoni, kaka alilia kama mtoto akishika ukuta kwa viganja viwili. Mimi nilitoa mikeka, nikahesabu masufuria, nikamwonyesha mtu mahali chumvi ilipo. Watu walisema nina moyo mgumu. Hawakukosea sana. Kilichokuwa kifuani mwangu sikukijua jina lake na hakikuuma.

Bwana wa tanuri alizika pamoja nasi. Alisimama nyuma, kofia mkononi. Jioni alinifuata akanong'ona kwamba amezima moto, na mwenzake wa jirani naye amemwomba azime, na hawatawasha mpaka matanga yaishe, kwa heshima ya mayu. Nikamshukuru.

Kwa hiyo siku za matanga hapakuwa na moshi. Watu walikaa uani wakapumua. Shangazi mmoja aliyetoka Usinge, aliyezoea hewa ya msituni, aliliangalia anga akasema kwamba kumbe mji una hewa safi namna hii. Nilifua shuka nyeupe za mama nikazianika karibu na ukuta. Jioni nilizianua nikazichunguza, upande na upande, pale ambapo mabega yangekuwa kama zingekuwa kanzu. Hazikuwa na doa. Nilisimama nazo mikononi nikawaza kwamba ilikuwa inawezekana. Hilo ndilo wazo pekee ninalolikumbuka kutoka siku zile.

Matanga yalipoisha waliwasha.

Kaka hakuweza tena kuingia katika nyumba ile. Alitaka iuzwe, nami nihamie kwa mama mdogo. Nilikubali. Alisubiri mvua, kwa sababu nyumba hupendeza kwenye mvua, na Januari iliyopita alimleta mteja. Alikuwa mtumishi aliyehamishiwa Tabora, mtu mwenye adabu, na nyuma ya gari alikuwa amempakia mama yake ili naye aone. Majani yalikuwa yameota hadi kwenye kuta. Kule mbugani palijaa maji, matanuri yamelala chini ya nyasi huwezi hata kuyatambua. Bibi yule alishuka polepole, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika bega la mwanawe, akasimama katikati ya uani kupata pumzi.

Mteja aliangalia madirisha makubwa, akaangalia ukuta mrefu. Akavuta hewa mpaka kifua kikajaa. "Hapa hewa nzuri," akamwambia mama yake.

Kaka alinitupia jicho. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeshika kanzu niliyoianua, safi kabisa, kola yake bado ina unyevu. Mwili wangu wote ulikuwa umetulia kama ulivyokuwa tangu msiba, na nilidhani nitatoa chai na kunyamaza.

"Uje tena mwezi wa saba," nikamwambia mteja. "Umlete na mama. Mkae hapa kuanzia asubuhi mpaka jioni, ndipo mzungumze na kaka yangu."

Kaka aligeuka akatoka nje ya geti. Mteja alinitazama, hakuelewa. Mama yake ndiye aliyesogea karibu, akainua uso kuniangalia, na nikausikia, mwembamba, chini kabisa ya pumzi yake, mlio ule.

"Mwezi wa saba kuna nini, mwanangu?"

"Upepo unageuka, mama."

Aliuangalia ukuta wa mashariki kutoka chini mpaka juu, tofali kwa tofali. "Na mama yako," aliniuliza, "alikaa hapa muda gani?"

"Kiangazi kimoja," nikamjibu, na ndipo machozi yalipokuja. Yalidondokea kanzu ya watu, nikaiacha ilowe.